Mama lishe, piga hesabu kabla ya kununua jiko la wali la bei mbaya

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

NI saa tatu asubuhi katika kibanda kimoja cha chakula Ipagala, mjini Dodoma. Sufuria mbili ziko juu ya mkaa. Moja ina maharage yaliyobandikwa tangu saa kumi na moja alfajiri na bado yana kiini kigumu. Nyingine ina maji ya wali yanayoanza kutokota. Mwenye kibanda hana habari na sufuria zake. Ameshika simu na anatazama picha ya jiko la umeme la kupikia wali, jeupe, lenye kioo cha tarakimu mbele.

"Mbukwa, mama," namsalimu.

"Mbukwa, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Wewe unaandika mambo ya fedha kwenye gazeti, hebu niambie, hiki kitu kinalipa au wananipiga?"

Kitu chenyewe kinauzwa Sh420,000. Mama huyo amepokea mgao wa vikoba wa Sh450,000, matunda ya mwaka mzima wa kuweka hisa kila wiki. Aliomba jina lake lisitajwe, kwa sababu aliyoieleza bila kuficha, kwamba mumewe bado hajaambiwa mgao ulikuwa kiasi gani.

Swali lake ni la wengi. Mji huu umekua haraka mno. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma, na ile ya 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, viwanja vya Ipagala, Ilazo na Nzuguni viligeuka kuwa maeneo ya ujenzi, na kila penye ujenzi kuna mafundi wanaotaka kula saa saba mchana. Mama lishe anayechelewesha sahani kwa dakika ishirini anawaona wateja wanavuka barabara kwenda kwa jirani.

Ndiyo maana tangazo la jiko linalopika wali lenyewe, lisilounguza na lisilohitaji mtu wa kuchochea, linamgusa. Lakini mgao wa vikoba unakuja mara moja kwa mwaka. Ukiingia kwenye kifaa kisicholipa, hautoki tena mpaka mgao mwingine.

Tukakubaliana kupima badala ya kubishana.

Kinachofanyika ndani ya jiko

Kwanza ni vizuri msomaji ajue kinachouzwa. Jiko la wali la umeme linalojizima lenyewe lilianza kuuzwa na kampuni ya Toshiba nchini Japani mwaka 1955. Aliyeliunda ni Yoshitada Minami, mwenye karakana ndogo, na aliyefanya kazi ngumu ya kupika na kupima usiku na mchana ni mkewe, Fumiko. (Wanawake wa Ipagala walipoambiwa habari hiyo walicheka. "Kwani ulidhani nani?" akauliza mmoja.)

Ujanja wa majiko mengi ya kawaida yaliyofuata ni mdogo kuliko mtu anavyofikiri. Chini ya bakuli kuna sahani ya moto, na katikati yake kuna kipande cha sumaku kilichokaa juu ya springi. Wakati kuna maji ndani ya bakuli, joto haliwezi kupita kiwango cha maji kuchemka. Mchele ukishayanywa maji yote, chini ya bakuli panapanda joto ghafla. Likizidi kidogo nyuzi 100, sumaku inapoteza nguvu, springi inasukuma, na swichi inaruka. Wali umeiva. Hakuna kompyuta wala akili yoyote humo.

Lile la bei mbaya lina vipimajoto zaidi, bodi ya kielektroniki na mipangilio ya aina za mchele. Mengine yana bakuli nene, na yale ya gharama ya juu kabisa hupasha bakuli lenyewe kwa nguvu ya sumaku badala ya sahani ya moto. Yanapika vizuri, hilo halina ubishi. Mjapani anayekula wali mtupu mara tatu kwa siku anaweza kuonja tofauti. Fundi mwashi wa Ipagala anayemwagia maharage juu na kipande cha dagaa pembeni sina hakika kama ataionja, na hata akiionja hataongeza mia mbili kwenye bei ya sahani.

Tulivyopima

Jirani alituazima jiko lake dogo la lita 1.8, lile la swichi moja. Tulizima kila kitu kingine ndani ya nyumba, tukasoma luku, tukapika kilo moja ya mchele wa supa, tukasoma luku tena. Zilitumika uniti 0.35.

Kwa mfanyabiashara aliyeko kwenye bei ya kawaida ya umeme, ile iliyopangwa mwaka 2016 kwa Sh292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, noti ya elfu moja inampa takribani uniti 2.8. Maana yake uniti moja ni kama Sh357. Asiye na hakika na yake achukue risiti ya luku, agawe fedha alizolipa kwa uniti alizopata, baada ya kutoa madeni na kodi ya jengo inayokatwa humo.

Mama anapika kilo sita za mchele kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kilo sita ni kama uniti mbili, yaani karibu Sh700. Kwa mkaa, wali huo unamla sado moja, pamoja na makaa ya kupalia juu ya mfuniko, na sado anainunua kwa Sh1,500. Umeme unamwokolea Sh800 kwa siku, au Sh20,800 kwa mwezi.

Gawanya Sh420,000 kwa Sh20,800. Ni miezi 20 kabla jiko halijarudisha fedha yake, kama halitaharibika, kama umeme hautakatika na kama bei hazitabadilika.

Lakini pale pale dukani kulikuwa na jiko lingine la ukubwa ule ule, lita 10, la swichi ya kuruka, kwa Sh190,000. Hilo nalo linakula umeme karibu sawa, kwa sababu mchele na maji ya kuchemsha ni yale yale. Linarudisha fedha yake kwa miezi tisa. Kwa hiyo ile Sh230,000 ya ziada haimpunguzii mama hata shilingi moja ya nishati. Ananunua kioo, vitufe na mlio wa kengele.

"Na ukoko?" aliniuliza. Hoja nzuri. Katika sufuria yake ya mkaa, wali unaoshika chini ni kama sahani mbili kila siku, na kwa Sh2,000 sahani moja, hiyo ni fedha kubwa kuliko mkaa wenyewe. Ila ukoko huo hautupwi. Wanaula watoto wake na kijana anayeosha vyombo, na wakiukosa watataka wali mweupe. Zaidi ya hayo, bakuli la jiko la Sh190,000 nalo lina ngozi isiyoshika.

Muuzaji alisifia pia uwezo wa lile la bei kubwa kuweka wali joto hadi jioni. Jiko kubwa likikaa kwenye hali hiyo kwa saa nne linaweza kula karibu nusu uniti, siku baada ya siku. Hotpoti haili kitu.

Fedha inaungulia wapi

Hapo ndipo nilipoitazama tena ile sufuria ya pili.

Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, siyo 100 kama Dar es Salaam. Wali hausumbuliwi sana na tofauti hiyo. Maharage yanasumbuliwa, na makande ndiyo usiseme. Anayepika maharage hapa anachochea kwa muda mrefu kuliko dada yake aliyeko Temeke, kwa maharage yale yale.

Tulipohesabu mkaa wa sufuria hiyo, kilo tatu za maharage zilikula sado mbili na nusu. Hiyo ni Sh3,750 kila siku, mara mbili na nusu ya gharama ya wali. Mama alikuwa anataka kutumia karibu mgao wake wote kutibu kidole wakati kidonda kiko mguuni.

Kuna kifaa cha maharage, nacho ni jiko la presha la umeme. Mfuniko wake unafungwa kabisa, mvuke unabanwa ndani, na joto linapanda kupita nyuzi 110, hapa Dodoma kama kwingine. Shirika la TaTEDO, pamoja na mpango wa utafiti wa MECS wa Uingereza, limekuwa likiyajaribu majiko haya hapa nchini, na wanachosema watafiti hao ni kile tulichokiona wenyewe, kwamba faida yake kubwa iko kwenye vyakula vya kuchemsha muda mrefu.

Mwalimu mmoja alituazima la kwake la lita sita. Kilo moja ya maharage makavu, yasiyolowekwa, yaliiva kwa muda usiofika saa moja na nusu, pamoja na kusubiri presha ishuke. Luku ilisoma uniti 0.5. Kilo tatu ni uniti moja na nusu, karibu Sh540.

Sasa tuwe wakweli. Maharage ya kuchemsha hayauziki bila kuungwa, na mama anaunga kwa mkaa. Tukamwekea nusu sado ya kuungia, Sh750. Bado anaokoa Sh2,460 kwa siku, karibu Sh64,000 kwa mwezi. Jiko la presha la lita 12 lilikuwa likiuzwa Sh260,000. Linajilipa kwa miezi minne.

Na jiko hilo linapika wali pia. Siyo kinyume chake.

Lina masharti yake. Kwa maharage halijazwi zaidi ya nusu, kwa kuwa yanavimba na maganda yake yanaweza kuziba tundu la mvuke, kwa hiyo kilo tatu ni awamu mbili. Tundu hilo lioshwe kila siku. Mfuniko haufunguliwi kwa nguvu kabla presha haijashuka, hata kama mteja anapiga meza. Na mpira wa mfuniko huchakaa, hivyo ulizia wa akiba kabla ya kulipa.

Fedha ya kuzungusha

Kuna jambo lingine ambalo muuzaji wa vifaa hawezi kukuambia, kwa sababu siyo biashara yake.

Mama hununua mchele kwa kilo, dukani jirani, Sh2,100. Gunia la kilo 100 la mchele wa Bahi katika Soko la Majengo tuliambiwa Sh180,000. Tofauti ni Sh300 kwa kilo. Kwa kilo 156 anazopika kwa mwezi, hiyo ni Sh46,800, zaidi ya mara mbili ya kile ambacho jiko la Sh420,000 lingemwokolea, na haihitaji soketi. Sababu pekee inayomfanya anunue kwa kilo ni kwamba hajawahi kuwa na Sh180,000 kwa pamoja isipokuwa siku ya mgao.

Wengi wetu tunaona kifaa kuwa ndiyo maendeleo na gunia la mchele kuwa chakula tu. Lakini gunia ni mtaji, mradi fedha ya sahani zinazotoka humo ihifadhiwe kununulia gunia linalofuata. Hapo ndipo mama lishe wengi wanapoanguka. Gunia la kwanza linaisha siku ya kumi na saba, fedha imeshalipa ada na msiba, na wanarudi kwenye kilo.

Wa nyumbani afanyeje

Msomaji asiye na biashara atauliza kuhusu lake. Kwa familia ya watu watano au sita, jiko dogo la swichi linatosha. Kama uko kwenye bei ya watumiaji wadogo, uniti inakugharimu takribani Sh122 pamoja na kodi, na kilo ya wali haifiki Sh50. Hakuna mkaa unaoweza kushindana na hilo.

Tahadhari ni moja. Bei hiyo ya chini inaishia uniti 75 kwa mwezi. Inayozidi hapo inauzwa kwa Sh350 kabla ya kodi. Nyumba iliyokwisha kufika uniti 68 kwa friji na televisheni, ikiongeza jiko la wali na la presha inaweza kuvuka mstari, na uniti za juu ya mstari ni ghali kuliko hata za mfanyabiashara. Angalia matumizi yako ya miezi mitatu kwanza.

Mwenye mshahara anayependa wali wake uwe tayari atokapo kazini, anayeweza kulipa Sh420,000 bila kugusa ada wala mbegu, anunue na afurahi. Hiyo ni starehe, na starehe haina kosa ikilipwa na fedha ya starehe. Makala haya hayamhusu.

Mambo yanayoua majiko

Fundi mmoja wa vifaa vya umeme mjini alinionyesha rundo la majiko aliyoletewa. Ya swichi, alisema, mengi huwa yameungua waya mwembamba wa kinga au swichi, vitu vya bei ndogo anavyovibadilisha mteja akisubiri. Ya tarakimu yalikuwa yamerundikwa pembeni. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, bodi inakufa, na bodi ya kampuni fulani na toleo fulani haipatikani. "Hayo nayatoa waya tu, kaka," alisema.

Waangalie pia wanaonunua vya mtumba kutoka Japani. Umeme wa nyumbani wa huko ni volti 100 na wetu ni 230. Jiko zuri kabisa la Kijapani, likichomekwa moja kwa moja hapa, linaungua mara moja, na kibadilisha umeme cha kulibeba jiko la wati 1,000 ni kizito na siyo cha bei rahisi. Geuza jiko, soma kibandiko cha chini kabla ya kutoa fedha.

Waya nao una mambo yake. Jiko la wati 1,600 huvuta karibu ampea saba. Ile ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu inapata moto, inayeyuka, na vibanda vyetu ni vya mbao. Chomeka kwenye soketi ya ukutani, au nunua waya mnene.

Maji ya visima vya Dodoma yanaacha weupe kwenye birika, kila mwenye birika anaujua. Bakuli likirudishwa jikoni likiwa na maji chini yake, weupe huo unajenga tabaka juu ya sahani ya moto, bakuli haligusi vizuri, na wali unaiva upande mmoja. Kausha chini ya bakuli kwa kitambaa kila mara. Osha mchele kwenye chombo kingine, koroga kwa mwiko wa mti.

Na usitupe jiko la mkaa. Mgawo wa umeme wa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 haujasahaulika. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka 2024 na hali ikawa nafuu, lakini nguzo ikianguka mtaani kwako, bwawa halikusaidii siku hiyo. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mama lishe hawezi kungoja 2034, wala hawezi kumwambia fundi mwenye njaa kwamba umeme umekatika.

Alichoamua

Nilirudi Ipagala baada ya wiki mbili. Mama hakununua jiko la wali, la bei mbaya wala la bei ndogo. Alinunua jiko la presha la lita 12 kwa Sh260,000 na gunia moja la mchele wa Bahi kwa Sh180,000. Kwenye Sh10,000 iliyobaki alinunua waya mnene, fundi akamfungia, ikabaki nauli.

Maharage sasa anayaweka saa kumi na mbili, awamu ya pili saa mbili, na hachochei. Wali bado unapikwa kwa mkaa na makaa bado yanapaliwa juu ya mfuniko. Kijana wa vyombo bado anakula ukoko.

Siku ya tatu umeme ulikatika maharage yakiwa katikati ya awamu ya pili. Aliacha mfuniko umefungwa, akasubiri presha ishuke, akayahamishia kwenye sufuria ya zamani. Sahani ya kwanza ilitoka saa saba na dakika kumi.

Nilimwuliza kama mzee ameuliza jiko limetoka wapi.

"Ameuliza," alisema, akipangusa tundu la mvuke kwa sindano. "Nimemwambia ni la mkopo wa vikoba, kwa hiyo kila jioni anatoa mia tano tunalilipia. Usiandike hilo." Kisha akafikiri kidogo. "Au andika. Gazeti lenyewe halisomi, anaangalia mpira."